Mzigo wa Mwindaji wa Dubu



Mnyama aitwaye dubu hayumo katika misitu yetu. Wengi wetu twamjua kwa jina tu, nalo tumelisikia katika Maandiko Matakatifu, pale kijana Daudi anapomweleza mfalme Sauli ya kuwa, alipokuwa akichunga kondoo wa baba yake, aliua simba na dubu pia. Hapo tulijifunza neno moja: dubu si mnyama wa mchezo. Lakini umbo lake, makao yake, na namna watu wa siku hizi wanavyomwendea, hayo hatuyasikii mara nyingi.

Leo natuondoke pamoja, twende mpaka kisiwa cha Kodiak, katika jimbo la Alaska, nchi ya Marekani. Huko tutamtazama mwindaji mmoja mgeni akifunga mizigo yake. Hatutampa jina, kwa maana yeye ni mfano tu wa wengi waendao huko kila mwaka. Mtaona jambo la ajabu kidogo: katika mzigo wake vitu vya kuua ni vichache sana, na vitu vya kungoja ni vingi. Mwenye kuelewa kwa nini ni hivyo, ameelewa uwindaji wa dubu.

KISIWA CHENYEWE

Alaska iko kaskazini kabisa, nayo ni jimbo kubwa kuliko yote ya Marekani. Zamani ilikuwa mali ya Urusi. Marekani iliinunua mwaka 1867 kwa dola milioni 7.2, na mwaka 1959 ikafanywa jimbo kamili. Upande wa kusini, baharini, ndiko kiliko kisiwa cha Kodiak. Eneo lake lapata kilomita za mraba 9,300, na katika Marekani nzima ni kisiwa kimoja tu kinachokishinda kwa ukubwa, nacho ni kile kikubwa cha Hawaii. Bahari imezikata pwani zake kwa ghuba ndefu na nyembamba, hata hakuna mahali kisiwani palipo mbali na maji ya chumvi kupita kilomita 25 hivi. Katikati yasimama milima yenye theluji. Barabara ziko upande wa kaskazini-mashariki tu, karibu na mji. Kwingine kote mtu huenda kwa mashua, kwa ndege ndogo, au kwa miguu yake. Mjini Kodiak mvua hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka. Twaweza kuilinganisha na mvua ya misitu ya Kongo, ila ya huko ni mvua ya baridi, tena huja na upepo mkali wa bahari.

Wenyeji wa kale wa kisiwa hicho ni Waalutiiq, wavuvi hodari waliokaa huko kwa maelfu ya miaka. Waliwinda dubu kabla bunduki haijafika. Walikula nyama yake, wakavaa ngozi yake, wakachonga vyombo kwa mifupa yake. Lakini kichwa cha mnyama walikuwa wakikiacha palepale porini, ndiyo heshima yao kwa roho ya dubu. Mwaka 1784 Warusi wakaja kujenga makao katika ghuba moja ya kisiwa, na tangu siku zile biashara ya ngozi ikashika nchi yote.

Baadaye wakaja wafugaji wa ng'ombe. Ng'ombe na dubu hawakupatana, na wafugaji wakataka dubu wapunguzwe. Watu wengine, na wawindaji wenyewe miongoni mwao, wakaogopa kwamba dubu wa Kodiak watakwisha kabisa. Ndipo mwaka 1941 Rais Franklin Roosevelt alipotenga sehemu kubwa ya kisiwa iwe hifadhi ya wanyama. Leo hifadhi hiyo yashika kama thuluthi mbili za kisiwa. Ugomvi haukwisha upesi, maana hata katika miaka ya 1960 watumishi wa jimbo walikuwa wakiwaua dubu waliosumbua malisho. Siku hizi wahesabiwa dubu kama 3,500 katika Kodiak na visiwa vya jirani, na wawindaji hupewa njia ya kuua chini ya 200 kwa mwaka. Sheria zote tutakazozitaja hapa zimewekwa ili hesabu hiyo isiharibike.

KWA NINI MAJIRA YA MACHIPUKO?

Sisi tukaao karibu na ikweta, mchana wetu na usiku wetu hulingana mwaka mzima. Kodiak sivyo. Wakati wa baridi mchana ni mfupi sana. Kisha jua hurudi kidogo kidogo, theluji ya mabondeni huyeyuka, majani huanza kuchipua, na mwisho wa Aprili mchana hufikia saa kumi na tano. Hayo ndiyo majira ya machipuko.

Dubu hulala katika tundu lake wakati wa baridi. Miezi mingi hali wala hanywi; hukaa kwa mafuta aliyojiwekea mwilini alipokula samaki wa salmoni na matunda ya porini. Majike wenye mimba huzaa humo humo tunduni, kwenye Januari na Februari, na mtoto wa dubu akizaliwa hafiki nusu kilo. Nani angesadiki? Maana dume akikomaa huweza kufika kilo 680. Simba dume watatu wa kawaida wakipimwa pamoja hawamfikii.

Majira yakigeuka, madume hutoka tunduni kwanza. Majike wenye watoto wachanga hukawia. Wengine hawashuki mpaka Mei imeendelea sana. Dume aliyetoka huwa na njaa. Hula majani mapya, huchimba mizizi, hupita pwani kutafuta mizoga iliyotupwa na bahari. Tena Mei inapoendelea huanza kutembea mbali akitafuta jike. Nyayo zake huonekana wazi juu ya theluji ya milimani, na manyoya yake bado ni mazito, hayajasuguliwa juu ya miti. Kwa hiyo serikali imeweka uwindaji wa machipuko tangu tarehe 1 Aprili mpaka tarehe 15 Mei. Katika siku hizo wanaotembea zaidi ni madume, na majike wenye watoto wengi wao bado wamejificha. Mnaona, ndugu wasomaji: kalenda yenyewe ni ulinzi.

SHERIA NA KIONGOZI

Mtu hawezi kuamka asubuhi akasema, «Leo nakwenda Kodiak kuua dubu.» Kwanza ataomba ruhusa, na ruhusa nyingi hutolewa kwa kura, maana wanaoomba huzidi nafasi. Kisha Mmarekani asiye mkaaji wa Alaska hana haki ya kumwinda dubu huyu peke yake. Sharti aandamane na kiongozi mwenye cheti cha serikali, au na ndugu yake wa karibu aliye mkaaji wa huko. Naye mgeni wa nchi nyingine sharti awe na kiongozi kwa kila mnyama mkubwa, awe dubu au mwingine.

Gharama zake si ndogo. Cheti cha kuwinda ni dola 160, na kibali cha dubu mmoja ni dola 1,000. Ujira wa kiongozi, pamoja na kambi, chakula na mashua, huzidi dola 20,000. Na mtu akiisha kuua dubu mmoja kisiwani humo, hataruhusiwa kuua mwingine mpaka miaka minne ipite. Mtoto wa dubu aliye katika mwaka wake wa kwanza au wa pili haguswi. Mama aliye pamoja na mtoto naye haguswi.

Mtu aweza kuuliza: Kiongozi ni wa nini, ikiwa mwindaji ana bunduki na macho yake? Wahenga wetu walisema: usisafirie nyota ya mwenzio. Mgeni ajuaye kulenga shabaha nyumbani kwake hajui upepo wa mabonde ya Kodiak, wala hajui kupambanua dume na jike kwa mbali. Kiongozi ndiye anayejua. Na katika uwindaji huu neno lake ni amri. Akisema keti, mwindaji huketi, ajapokuwa amelipa fedha nyingi.

KUFUNGA MIZIGO

Mzigo wa kwanza ni mwili wenyewe. Mgeni wetu ameanza miezi mingi mbele, akipanda vilima na mfuko mzito mgongoni, maana Kodiak hakuna njia zilizofyekwa. Huko mtu hupita katika matope, juu ya mawe ya pwani yenye utelezi, na ndani ya vichaka vya miti iitwayo alda, ambayo matawi yake yamelala na kusokotana kama kapu. Viatu vyake vipya amevivaa nyumbani kwa majuma kadhaa, maana kiatu kigeni hutoa malengelenge, na lengelenge dogo laweza kumaliza safari kubwa. Meno yake yametazamwa na mganga. Ugonjwa alio nao amemwambia kiongozi bila kuficha. Huko kambini hakuna hospitali, na ndege haiji ikiwa ukungu umefunika ghuba.

Baada ya hayo yafuata mavazi. Hapa kiongozi ameandika kwa herufi kubwa: nguo za pamba ziachwe nyumbani. Pamba ikilowa hukaa na maji, na maji hayo hunyonya joto la mwili. Joto la mtu likishuka chini ya digrii 35, mikono hutetemeka, ulimi huwa mzito, akili hupotea, na mwisho hufa. Tena si lazima maji yagande ndipo hatari hiyo ije: mvua na upepo vyatosha. Basi mgeni huchukua nguo za ndani za sufu, maana sufu hutia joto hata ikilowa. Huongeza sweta, na koti na suruali za mvua zilizo imara, zisizopasuka kwa miiba. Huchukua soksi za sufu jozi nyingi, kofia, glavu mbili au tatu, na viatu virefu vya mpira vifikavyo mapajani kwa kuvuka mito. Mfuko wake wa kulalia haujazwi manyoya ya bata; manyoya hayo ni mazuri yakiwa makavu, lakini yakilowa hujikunja na kupoteza joto. Kila kitu hutiwa katika mifuko isiyopitisha maji, hata kiberiti na karatasi za ruhusa.

Sasa yaja bunduki. Viongozi wengi hupenda bunduki yenye nguvu, lakini zaidi wapenda bunduki ambayo mwenyewe ameizoea. Iko moja ambayo wawindaji wa nyati na tembo wa Afrika wameijua tangu zamani: ni bunduki ya kipimo cha .375, ambayo risasi yake ilitungwa na kampuni ya Holland & Holland ya London mwaka 1912. Huko Alaska nayo yaheshimiwa sana. Mgeni wetu amejizoeza kupiga akiwa ameketi, akiwa amepiga goti, na akiwa anahema baada ya kukimbia, kwa sababu porini hakuna meza ya kuwekea mtutu. Huchukua utepe wa kunata ili kuziba mdomo wa mtutu mvua na theluji zisiingie, na mafuta ya kuzuia kutu, kwa maana hewa ya chumvi hula chuma usiku mmoja. Risasi si nyingi. Mashirika ya ndege hayaruhusu abiria mmoja kupita kilo 5 za risasi, na kwa kweli hata hizo ni nyingi mno. Pakiti mbili za risasi 20 zamtosha kujaribu bunduki akifika, na kuwinda, na kurudi na nyingine.

Lakini chombo ambacho kiongozi hukiuliza kwanza si bunduki. Ni darubini. «Umeleta darubini gani?» Mtu atabeba bunduki siku kumi asiipige hata mara moja, lakini darubini ataiweka machoni kutwa nzima. Kwa hiyo mgeni huchukua darubini njema ya macho mawili, na kitambaa kikavu cha kufutia vioo. Pengine kiongozi huwa na darubini kubwa ya jicho moja, yenye miguu mitatu, ya kuwatazama dubu walio mbali sana. Tena huchukua kipande cha godoro cha kukalia. Msicheke! Mtu aketiye saa nane juu ya jiwe lenye baridi hujua thamani ya kipande hicho.

Mwisho vyote hupandishwa juu ya mizani. Toka mji wa Kodiak mgeni ataruka kwa ndege ndogo yenye maboya badala ya magurudumu, itakayotua juu ya maji ya ghuba au ziwa. Rubani hupima mizigo, na watu nao. Sanduku gumu la bunduki, lililokuwa sharti katika ndege kubwa, huachwa mjini. Bunduki hutiwa katika ala laini. Masanduku mengine pia huachwa, kwa maana mfuko laini hupenya mahali sanduku lisipoweza. Hapo mgeni hulazimika kuchagua. Viatu vya tatu? La. Chupa za vinywaji? La. Dawa zake za kila siku? Ndiyo, tena za siku saba zaidi ya hesabu, kwa kuwa hali ya hewa ikichafuka ndege yaweza kuchelewa kwa siku kadhaa. Kitabu cha kusoma hemani? Ndiyo, kimoja. Mtu asiye na la kufanya katika hema lenye kutikiswa na upepo huanza kugombana na wenzake.

KUNGOJA

Ndege imeshusha watu, imeondoka, na ukimya umeingia. Mara mgeni anaona kwa macho yake dubu mng'ambo wa ghuba. Je, achukue bunduki? Hasha! Sheria ya Alaska yasema mtu aliyeruka kwa ndege siku ile hawezi kuwinda mpaka saa tisa za usiku wa kuamkia kesho yake. Wenye sheria walitaka pasiwe na mtu wa kumtafuta mnyama kutoka angani, kisha ashuke na kumwua. Basi siku ya kwanza ni ya kusimamisha mahema, kuweka chakula mbali na vitanda, na mara nyingi kuzungusha kambi kwa nyaya za umeme mdogo, ili dubu mwenye udadisi aguse pua yake na kwenda zake.

Kesho yake wanapanda kilima kidogo, wanaketi, wanatazama. Siku ya pili wanatazama. Siku ya tatu mvua yanyesha kwa ubavu, nao wamekaa hemani. Siku ya nne wanatazama tena. Hiyo ndiyo kazi. Mgeni aliyedhani atakwenda mbio porini kama katika michezo ya sinema, sasa anafahamu kwa nini mzigo wake ulijaa sufu, vitambaa vya darubini na kipande cha godoro.

Tufikiri kwamba jioni ya siku ya tano dubu anatokea juu ya mteremko wa theluji. Ni mkubwa, manyoya yake yametiwa rangi ya dhahabu na jua. Moyo wa mgeni wapiga kwa nguvu. Kiongozi anatazama bila kusema. Anatazama masikio: dubu mdogo huonekana mwenye masikio makubwa, naye dubu mkubwa masikio yake huonekana madogo, yaliyo mbalimbali. Anatazama mwendo: dume mzee hutembea kwa uzito, akiyumba. Kisha anasema neno moja: «Ngoja.» Dakika kumi zapita, na kumi nyingine. Na tazama, nyuma ya mwamba vinatokea vichwa viwili vidogo, vikimfuata yule wa kwanza kwa kukimbia na kuanguka katika theluji. Ni mama. Alitoka mapema kuliko wenzake, na watoto walibaki nyuma kidogo.

Kama mgeni angalikuwa na haraka, ingalikuwaje? Angalivunja sheria, tena angaliacha mayatima wawili wasioweza kuishi peke yao. Kilichowaokoa ni kioo cha darubini, nguo kavu zilizomwezesha mtu kukaa bila kutetemeka, na neno la kiongozi lililosikiwa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huko Kodiak guu si lake peke yake.

RISASI IKITOKA

Tuseme sasa ya kwamba siku nyingine dume kweli anaonekana. Kiongozi hupima upepo kwanza, kwa sababu pua ya dubu ni kali mno. Sharti upepo uwapige wawindaji usoni. Kisha huenda polepole, wakijificha, mpaka wafike karibu. Kiongozi mwema hapendi risasi ya mbali. Ajua ya kuwa dubu aliyejeruhiwa hukimbilia ndani ya vichaka vya alda, ambamo mtu haoni hatua tano mbele yake, na kwamba yeye kiongozi ndiye atakayeingia humo kumfuata. Mke wake na watoto wake wanamngoja nyumbani. Kwa hiyo mgeni apigaye bila hakika hachezi na maisha ya mnyama tu, bali na ya mwenzake. Sheria nayo imeona jambo hilo: kisiwani Kodiak dubu aliyejeruhiwa huhesabiwa kama aliyeuawa. Hata asipopatikana, uwindaji wa mtu huyo umekwisha.

Mnyama akianguka, kazi nzito yaanza. Ngozi mbichi ya dubu mkubwa pamoja na fuvu yaweza kufika kilo 50 na kuzidi, nayo hubebwa mgongoni mpaka kambini, ikasafishwa mafuta na kutiwa chumvi nyingi isioze. Kisha ngozi na fuvu hupelekwa kwa maofisa wa wanyama, nao huvipima na kuvitia alama. Hung'oa jino dogo moja. Likikatwa, ndani yake huonekana duara kama zile za shina la mti, na kwa kuzihesabu hujua mnyama aliishi miaka mingapi. Kwa njia hiyo wajua kama wanaouawa ni wazee au vijana, madume au majike, na kama ruhusa za mwaka ujao zipunguzwe.

Na nyama je? Hapa, wasomaji wapenzi, najua akina mama wengi wameuliza swali hilo tangu mwanzo. Nyama ya dubu yaweza kuwa na vijidudu viitwavyo trikinela, vinavyodhuru watu. Haiwi salama mpaka ipikwe ikaiva kabisa. Sheria ya Kodiak haimlazimishi mwindaji mgeni kuibeba nyama ya dubu huyu, na wengi huiacha porini. Kwetu, ambako mnyama huuawa kwa sababu ya chungu, jambo hilo ni gumu kulimeza. Wala si sisi tu. Huko huko Amerika ya Kaskazini watu wengi hawakubali kumwua dubu kwa ajili ya ngozi na fuvu, na mwaka 2017 jimbo la British Columbia, nchini Kanada, lilikataza kuwinda grizzly, ambaye ni ndugu wa dubu wa Kodiak.

Wawindaji wana majibu yao. Wasema kwamba fedha za vibali hurudi kuwalinda wanyama; kwamba tangu mwaka 1937 sheria ya Marekani hutoza kodi juu ya bunduki na risasi kwa ajili ya kazi hiyo; kwamba jamaa za viongozi hupata riziki; na kwamba dubu wa Kodiak, baada ya miaka mingi ya kuwindwa kwa kipimo, wapo bado. Mambo hayo ni ya kweli, na kila msomaji ayapime mwenyewe. Lakini ni kweli pia ya kuwa Waalutiiq wa kale, wasio na kodi wala ofisi, walikula nyama na kukiacha kichwa. Mgeni wa leo huchukua kichwa na kuiacha nyama. Mtu mwenye akili hatapita juu ya neno hilo bila kufikiri.

KURUDI

Siku kumi na tano zimepita. Ndege yasikika tena juu ya ghuba. Wengine hurudi na ngozi. Wengine, baada ya fedha zote na baridi yote, hurudi mikono mitupu. Tuseme mgeni wetu ni mmoja wa hao. Anafungua mfuko wake hotelini mjini na kutandaza vitu vikauke. Risasi alizojaribia zimepungua. Nyingine zimo zote katika pakiti. Soksi zimetoboka. Kipande cha godoro kimekuwa chembamba kama chapati. Kitambaa cha darubini kimechakaa kwa kufuta mvua.

Mtu akimwuliza, «Umepata nini?», atajibu kwamba hakupata kitu. Lakini juu ya mteremko wa theluji mama mmoja anashuka polepole kuelekea majani mapya ya bondeni, na watoto wake wawili wako nyuma yake. Wako hai kwa sababu mtu mmoja alijiandaa vema, akavaa sufu, akaketi, akatii. Ninyi vijana mnaotamani safari kubwa, kumbukeni hilo siku mtakapofunga mizigo yenu: kitu cha kutendea ni chepesi, kila mtu aweza kukibeba. Subira ndiyo mzigo mzito, nayo hufungwa kabla ya kuondoka nyumbani.